Batu yenye ninachora mu animasio beko banaelea. Ninunue tableti ama nirudilie kreyo?

kreyo_himbi (Goma)

Bayaya na bakubwa salamu. Niko Goma, ninafanyaka animasio ya 2D, mingi ku telefone na FlipaClip, programu ya kuchora animasio, na siku yenye kaka ananiachia ordinatere yake ninaingia mu Krita, programu ingine ya kuchora. Sura za batu ninaweza, kuko hata benye bananilipaka kidogo juu niwachoree mama yabo ama bibi-arusi, apo sina wasiwasi. Shida ni mutu muzima, kuanzia shingo kushuka. Akisimama anakauka, akitembea njo mbaya kabisa, miguu inateleza chini, mwili unaenda mbele bila kupanda wala kushuka, na nikirudilia inakuwa vilevile tu ila na rangi nzuri zaidi 😅

Nilionesha kazi fasi moja apa mujini kwenye banafanyaka ma video, mwenye kuiangalia akasema "batu bako habana uzito" akanirudishia telefone. Basi. Hakufafanua.

Sasa maswali. Niko na pesa kidogo nilitunza ya kununua tableti ya kuchorea na kalamu yake, ile yenye haina ekra. Je, iyo njo itanisaidia ama ni kujidanganya? Ya pili, kila video ninaangalia banasema eti lazima kuchora modeli, mutu uchi, masaa na masaa. Apa Goma modeli uchi nitamutoa wapi jameni, na mama yangu ni wa korali, akifungua kaye yangu akute bintu kama bile nitatafuta fasi ya kulala. Ya tatu, kuran kwetu inaenda na kurudi gisi inataka, donki sina masaa mengi mbele ya ekra. Mwenye alipitia njia iyi anieleze, hata kwa ukali, sitakasirika.

imaji12 (Bukavu)

Mdogo wangu, pesa iweke kwanza. Tableti haileti uzito, itakufanya tu uchore haraka bilebile byenye unachora sasa.

Uzito maana yake mwenye kuangalia anasikia mwili uko unabebwa na kitu. Simama apo kwenye uko, mguu moja ubebe, wa pili upumzike. Kiuno kitapanda upande wa mguu yenye inabeba, bega ya upande ule itashuka, na ukishusha mstari wima kutoka kale kashimo ka chini ya shingo utafika ku kiguu chenye kinabeba. Mutu yeyote mwenye anasimama ku mguu moja bila kuegemea anafanya vile, mzee, mtoto, askari, bibi-arusi wako mwenye kukulipa. Weye najua unachora mabega na kiuno sambamba, miguu miwili inabeba sawasawa, njo maana anakauka. Mbele ya sura, mbele ya nguo, jiulize kiguu gani kinabeba, na kama hauna jibu usianze kuchora.

Kutembea nayo iko na pozi nne. Kisigino kinagusa chini, miguu imepanuka. Kisha mwili unashuka, goti la mbele linakunjika kuupokea, apo kichwa kiko chini kuliko fasi zote. Kisha mguu wa nyuma unapita karibu na ule wenye kubeba. Kisha mwili unapanda, vidole binausukuma. Halafu mguu ingine. Sasa karibu kila mwanafunzi anachora ya kwanza na ya tatu, anajaza katikati, ile ya kushuka anaisahau, na ile ya kushuka njo uzito wenyewe!! Bila iyo mutu anaelea, hata umutie misuli ya namna gani. Kwa mwendo wa kawaida weka imaji 12 (imaji ni picha moja moja ya filimu) kwa kila hatua, kwa imaji 24 za segonde inakuwa hatua mbili kwa segonde. Wala si lazima uchore zote 24, michoro 12 inatosha, kila moja ikae imaji mbili. Mzee anachelewa, mpe 16 ama 20 kwa hatua.

Miguu kuteleza ni shida ingine kabisa, iyo si anatomia, ni hesabu. Kama mutu anasonga mbele mu ekra, kiguu chenye kiko chini kisisogee hata kidogo mupaka kinyanyuke. Tia alama ya msalaba ku kalke ya chini (kalke ni ile tabaka ya kuchorea mu programu, moja juu ya ingine) pale kisigino kiligusa, washa ile kivuli ya imaji za nyuma, na uhakikishe kisigino hakitoki ku msalaba. Kama anatembea papo hapo na dekori njo inapita nyuma, kinyume chake: kiguu kirudi nyuma kipimo kilekile kila imaji, na dekori ipite mwendo huo huo. Ukikosea milimita chache jicho linaona.

Bon, sasa mazoezi. Chukua kaye ya shule na bike, ile kalamu ya wino. Si kreyo, bike, juu bike haifutiki na weye ugonjwa wako ni kufuta, nina hakika. Kroki, ni kusema michoro ya haraka, za segonde 30, dakika moja, mbili, usizidishe. Mstari wa kwanza unatoka kichwani, unapita mgongoni, unaishia ku kisigino chenye kubeba, mstari moja tu, umepinda kama mwili umepinda. Ukishaupata ule, kifua na kiuno ni mayai mawili, mikono na miguu ni mistari, alarme inalia, unageuza ukurasa. Hakuna macho, hakuna vidole. Wa sura nzuri kama weye njo banateseka sana apa, mkono unataka kurudi ku macho na midomo.

Kwetu mimi ninakaaka karibu na soko ya Kadutu ninaangalia ba mama benye kupandisha mizigo mu mulima, kamba ku paji la uso. Angalia tu utashangaa. Kichwa kiko mbele kabisa ya viguu, mgongo umelala, magoti hayanyooki hata kidogo, hatua ni fupi fupi, mikono inashika kamba ama inaning'inia bila kazi. Hauitaji kuchora muzigo, chora tu mama, na mwenye kuona atajua kuko kilo ngapi nyuma. Ukiweza iyo, mwenye alikurudishia telefone atakuita mwenyewe.

kroki_lushi (Lubumbashi)

Bukavu anasema bizuri, minaitika mingi, paka fasi moja njo siitike. Kroki ya segonde 30 bila kujua kile kiko ndani ya mwili inazaa bantu ba haraka haraka, mikono mirefu kesho mifupi. Kutia muntu mu animasio mbele ya kujua mwili ni kusonga bukari mu maji ya baridi. Mi nilipita ku beaux-arts apa Lubumbashi, shule ya mambo ya sanaa iko uku tangu 1951, na kule banakukalisha mbele ya pozi moja mupaka mgongo inauma, na weye unakasirika, na kisha miaka njo unaelewa juu ya nini.

Animatere anapashwa kuchora muntu uyu uyu mara mia tano, mbele, nyuma, chini, juu, amegeuka. Kama haujui kipimo chake atabadilika saizi kila imaji. Donki shika kwanza kipimo: muntu muzima ni karibu vichwa 7 na nusu urefu, bengine banachora 8 juu inaonekana vizuri. Nusu ya mwili iko chini ya kiuno, pale miguu inaanzia, haiko ku kitovu! Kiwiko kiko sawa na kiuno chembamba, mkono ukishuka kando kifundo cha mkono kinafika kwenye mguu unaanzia. Mutoto mudogo yeye ni vichwa 4 tu, njo maana ukipunguza muntu mukubwa anakuwa kibushuti, hakuwe mutoto.

Kisha kifua ni sanduku, kiuno ni sanduku, na kati yake kuko fasi yenye kupinda. Sanduku mbili zile zikigeuka namna tofauti, muntu anaishi. Fanya kurasa na kurasa ya sanduku mbili tu, zikiinama, zikijisokota, bila kichwa bila mikono. Inachosha, najua.

Hata kule Marekani, mu 1932 Walt Disney alimuleta mwalimu mwenye kuitwa Don Graham, afundishe animatere bake kuchora mwili, usiku kisha kazi, na modeli mbele yabo. Bale bantu balikuwa bamesha kulipwa juu ya kuchora panya na banyama bengine! Na bado balirudishwa ku shule. Basi usiseme mi ninafanya katuni tu, anatomia hainiangalie.

Kama unataka kuona mifupa bila kununua buku, pita ku bucherie. Omba uangalie mguu wa mbuzi, gisi mfupa inaingia mu kiuno, wapi mshipa inashika. Na utaona kintu kingine, ile fasi ya mguu wa nyuma ya mbuzi yenye inaonekanaka kama goti limegeuka nyuma, haiko goti, ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Siku utachora mbuzi ama imbwa anakimbia utanikumbuka.

Na makala. Usinunue fusain ya bei, ile makala ya kuchorea ya duka. Kata vijiti vyembamba vikavu, toa maganda, panga mu kopo ya maziwa yenye kifuniko, toboa katundu kadogo juu, ingiza mu mbabula yenye imewaka. Moshi utatoka ku katundu. Ukikoma kutoka, toa kopo na USIFUNGUE mupaka ipoe kabisa, ukifungua ingali moto hewa inaingia vijiti vinageuka majivu. Makala ile inafutika na kidole, inakufundisha kivuli na uzito kuliko bike. Karatasi: mufuko wa sementi, ile karatasi ya ndani yenye haikugusa unga, kata vipande vikubwa, chora umesimama, na bega, si na vidole.

dada_kalke (Goma)

Hodi hodi. Batu ba Bukavu na Lushi bamejibu bizuri ila hakuna mwenye alijibu swali ya mama wa korali 😂

Kreyo, sikia. Modeli uchi inasaidia, sitakudanganya, ila haiko lazima ili uanze. Kile unatafuta ni kuona magoti, viwiko, kiuno na mabega biko wapi, na iyo unaiona ku mutu mwenye amevaa nguo ya kubana. Batoto ba mupira banacheza na kaputula. Vijana benye kuogelea ku Kivu. Ba rafiki yako na colant. Sisi tunakutanaka kikundi kadogo mu cour ya rafiki, kila mutu anasimama dakika moja akiwa modeli, telefone inalia, anafuata mwingine, hakuna kulipa mutu. Pozi tunazipa kazi: "vuta kamba", "beba bidon ya maji umechoka", "umeitwa na mutu mwenye haumupendi". Ukisema tu "simama" mutu anasimama kama wa picha ya kadi ya uchaguzi, haina faida. Na weye ukipita modeli utasikia ku mwili wako wapi inauma, uzito uko pale penye panauma.

Kitenge usikiogope. Kinaficha magoti, ni kweli, ila kinaonesha mwendo. Mguu unaenda mbele, kitenge kinachelewa kidogo, mguu unasimama, kitenge bado kinaendelea halafu kinarudi. Ukiweza kuchora uko kuchelewa, hata mutu wa mistari anakuwa na nyama.

Fasi za kuchora apa kwetu, sitazitaja zote. Ya kwanza, sanamu ya chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo, pale rond-point. Iyo ni modeli yenye haichoki, haiombi pesa, na unaweza kuizunguka uchore pande zote. Kisha nenda uangalie ba chukudu ba kweli. Kwenye kupanda mutu anasukuma, mikono imenyooka, mwili wote ni mstari moja wenye kuinama. Kwenye sawa goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma chini. Kwenye kushuka anapanda mwenyewe anakaa nyuma. Mutu uleule, chombo kilekile, miili mitatu tofauti. Hakuna shule ya animasio itakupa zoezi kama iyo.

Ya pili, kutwanga sombe. Chora mama ama dada anatwanga, usichore mara moja, uchore mizunguko. Kabla muchi ushuke, mwili unapanda kwanza, visigino vinanyanyuka, mikono iko juu ya kichwa, kisha vyote vinashuka pamoja, kiuno kinarudi nyuma, magoti yanakunjika, muchi unagonga, sombe inaruka kidogo. Bintu byote byenye animatere anatafuta biko mule: kujitayarisha, kushuka, kugonga, kurudi. Na muchi hauendi wima kabisa, angalia bizuri, unachora kaupinde kadogo.

Me kuwa mwangalifu. Kuchora batu mu njia si kosa lakini kuko benye hawapendi, na ukitoa telefone kupiga picha inakuwa mambo mengine. Omba. Ba mama ba soko ukiwaonesha kaye banacheka na banakuita na bengine. Karibu na baaskari, ku bariere, ku port, funga kaye upite, hakuna kroki yenye iko na bei ile. Na kama weye ni musichana mwenzangu, nenda na rafiki, juu ukikaa peke yako na kaye kila kijana anataka umuchoree portre ya bule na namba ya telefone juu.

Kuhusu mama yako: muchore yeye. Korali yote. Bako banaimba, banayumba kushoto na kulia, uzito unatoka mguu uyu kwenda ule, unarudi, wimbo muzima. Atakuachia kaye hata mezani.

kreyo_himbi (Goma)

Aksanti sana, sana. Kumbe sombe!! Niko naishi karibu na kinu tangu nizaliwe.

Niko na swali ingine mbili. Moja, nikichukua video ya dada yangu anatwanga, nikaiingiza mu telefone nikapita juu yake na kalke imaji kwa imaji, ni wizi? Ama ni njia nzuri? Na ya pili, kaye na ekra nizigawe gisi gani, juu nikichora ku kaye inakuwa na uhai kidogo, nikihamisha ku FlipaClip inakufa tena. Sijui kwa nini.

imaji12 (Bukavu)

Wizi hapana, video ni yako na dada ni wako. Kupita juu ya filimu ni tekiniki ya zamani sana, Max Fleischer, mutu wa katuni, alipata brevete yake (karatasi ya haki ya mwenye kuvumbua) kule Marekani mu 1917. Lakini sikia shida yake. Kamera inashika kila kitu sawasawa, haichagui, na weye ukifuata kila mstari unapata mutu mwenye anatetemeka na bado hana uzito, ajabu lakini njo vile, juu unafuata kingo ya nguo, haufuati nguvu. Tena ma telefone mengi banachukua imaji 30 kwa segonde, weye uko na 24 ama 12, ukipita imaji kwa imaji wakati unaharibika.

Fanya iyi. Angalia video mara mingi bila kuchora. Simamisha pale juu kabisa, pale muchi unagonga, na pale unarudi. Pozi kle, zile kubwa zenye kubeba mwendo, tatu, nne, basi. Zichore KANDO, si juu. Kisha zidisha: kama mgongo umepinda kidogo, pinda zaidi, kama visigino vimenyanyuka kidogo, nyanyua. Kisha funga video, usiifungue tena, jaza ma entervale, michoro ya katikati ya pozi, na akili yako. Pale utakwama njo pale haukuangalia bizuri, ufungue uangalie pale tu.

Kama unataka picha za kujifunza bila kumaliza ma mega, tafuta za Eadweard Muybridge, Muingereza mwenye alipanga kamera mustari moja kule California mu 1878 kuonesha kama farasi akikimbia miguu yote inatoka chini. Inatoka kweli, ila wakati imekunjwa chini ya tumbo, si wakati imenyooshwa kama bachoraji bote balikuwa banachora. Kisha mu 1887 akatoa kurasa 781 za batu na banyama, kutembea, kupanda ngazi, kubeba ndoo, kuruka. Ni za zamani, hakuna mwenye atakuomba pesa. Pakua mara moja unabaki nazo bila intaneti. Batu bengi mule beko uchi donki iyi usiiache wazi mbele ya korali.

Kuhusu kufa ku ekra, ninajua sababu ya kwanza bila kuona: una zoom. Unakaribia, unasafisha mstari wa kidole, hauoni tena mutu muzima. Acha zoom. Weka burashi moja tu, nene, rangi moja, zima ile kitu yenye kulainisha mstari juu inakuchelewesha na mkono unakuwa mvivu. Kalke ya kwanza iwe kroki chafu, kwa rangi nyepesi, na animasio yote uiangalie ikitembea ikiwa chafu ivyo ivyo. Kama chafu haitembei, kusafisha hakutaisaidia. Na geuza mchoro kushoto-kulia kama mu kioo, mutu mwenye anaanguka utamuona papo hapo.

stilo_bei_chini (Goma)

Mimi nitatetea ekra kidogo juu naona munaipiga vita. Kaye ni nzuri lakini usiku kuran ikikatika telefone ina mwanga wake na kaye haina. Nimefanya kroki mingi sana na kidole tu, ku telefone yenye ekra imepasuka, na ilinifaa, juu na kidole hauwezi kuchora kope, unalazimika kuchora umbo. Na karatasi nayo inaisha na ni pesa.

Tableti. Kreyo, kama utanunua, na siku moja utanunua, ile isiyo na ekra ni chaguo nzuri kwetu kuliko ile yenye ekra, sababu si bei tu. Nyingi zinakula umeme wa ordinatere kupitia kamba ya USB, donki laptop ikiwa na chaji kuran iende iende, unaendelea. Zenye ekra zinakula zaidi na mingi zinataka prize yake. Angalia mbele ya kulipa kama inakubali sistemu ya ordinatere ya kaka yako, omba muuzaji muijaribu pale pale, na uliza ncha za kalamu za kubadilisha zinapatikana juu zinalika. Namba 8192 yenye banaandika ku karto, ile ya ngazi za nguvu ya kukandamiza kalamu, usiibabaikie, mkono wako hautaiona. Saizi ya kati, si ile ndogo sana, juu ndogo inakurudisha ku kuchora na vidole, na Lushi amesema bega.

Wiki za kwanza utaona mkono hauendi kwenye jicho linaangalia. Ni kawaida, inapita. Ila kama uko na pesa ya kitu kimoja tu mwezi uyu, nunua rame ya karatasi na ulipe ba rafiki fanta bakae modeli, na tableti ije kisha.

Lushi, kuhusu anatomia sisi wawili tutapigana siku moja. Ninajua batu benye banajua jina ya kila mshipa na animasio yabo imelala.

kroki_lushi (Lubumbashi)

Minakuya na bunga, weye leta maji. Jina ya mshipa si anatomia, anatomia ni kujua kile kinapinda na kile hakipindi.

kreyo_himbi (Goma)

Nimerudi. Nimechora sombe. Kaye kwanza, kisha FlipaClip, chafu, burashi moja, bila zoom (ilikuwa vita). Dada anapanda, anashuka, goti linakunjika, na mutu wa kwanza mwenye nilimuonesha, bibi yangu, akacheka akasema "uyu anachoka." Nimeiweka apa chini muangalie. Me kugonga kwenyewe hakugongi. Muchi unafika chini polepole kama una heshima. Nimepanga imaji sawa sawa kupanda na kushuka, 8 na 8. Pale nifanye nini?

dada_kalke (Goma)

Nimeona. Mwili uko bizuri, kiuno kile nimekipenda. Shida ni nafasi kati ya imaji, si michoro.

Juu kabisa bana imaji, ziwe karibu karibu, akae pale kidogo. Kushuka toa nyingi, acha 4 tu, ya kwanza karibu na juu, ya pili mbali zaidi, ya tatu mbali zaidi tena, na ya ine iko chini tayari, imegonga. Usiweke entervale yoyote ya kupunguza mwendo karibu na chini, iyo njo heshima yenye unaona. Pozi ya kugonga ishike imaji 3, magoti chini kabisa, sombe iruke imaji moja kisha, si palepale. Kisha mikono ianze kupanda mbele ya muchi, muchi ufuate nyuma, na visigino mwisho kabisa.

Urefu wote ukibaki kama imaji 20 utakuwa karibu na segonde moja, kwa dada mwenye haraka. Bibi akitwanga, ongeza juu, usiongeze chini.